Ujumbe Mmoja wa Chilangala

Ulikuwa mwaka 2023, majira ya kipupwe, wakati mikorosho ya Newala inapochanua na wakulima wanapopulizia dawa ya salfa kabla ugonjwa wa ubwiri haujala maua.

Saa 1:00 asubuhi. Masasi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Watu watatu. Fikirini, mwenye mpango, alisimama. Trevor, dereva wa lori, alinoa panga lililokwisha kunolewa. Rukaiya, fundi wa simu kutoka Newala, aliketi juu ya tairi, mikono mapajani.

“Mifuko mia moja na hamsini,” Fikirini alisema. “Ghala la ushirika, Chilangala. Mlinzi mmoja, mzee. Tunaingia na barua ya kuhamishia mzigo Masasi. Tunapakia. Tunashuka. Jioni salfa iko Tunduru. Fundi, simu yake?”

Rukaiya alieleza bila kuinua sauti.

“Aliileta kibandani Alhamisi. Ina laini mbili, za mitandao miwili. Kila mtandao una namba ya kituo chake cha ujumbe. Ujumbe haumfikii mtu kabla haujapita hapo. Nimebadili tarakimu moja katika kila namba. Ataandika, atatuma, hautatoka. Mipangilio ya intaneti nayo nimeivuruga.”

“Akipiga?”

“Chilangala sauti hukatika kabla ya salamu. Ndiyo maana katibu wa ushirika, Newala, alimwagiza: ukiwa na shaka, andika.”

Trevor alicheka. “Fundi wetu humfunga mtu mdomo kwa kidole kimoja. Mimi nahitaji panga.”

“Panga libaki chini ya kiti,” Fikirini alisema.

“Litabaki. Mzee akitulia.”

Kulikuwa na jambo ambalo Rukaiya hakuwaambia. Miaka sita nyuma, mwanawe Hamudi alipopatwa na degedege, mzee huyo alitembea kwenye mvua hadi kwenye kichuguu ambako mtandao hushika. Alituma ujumbe mmoja, gari la wagonjwa likaja. Mtoto akapona. “Nitakulipa,” Rukaiya alimwambia. Mzee akajibu, “Siku nikikwama, nawe utanitumia ujumbe mmoja.” Maneno hayo aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka bei ya chumvi ya mwaka jana. Hayakumuuma. Hakuna kilichomuuma tangu kibanda chake kilipokuwa mali ya Fikirini kwa sababu ya deni.

Saa 4:40 asubuhi. Chilangala.

“Shikamoo, Baba Oliva,” Rukaiya alimwamkia mlinzi.

“Marahaba, Mama Hamudi! Kumbe nawe umepata kazi ya ushirika? Hamudi hajambo?”

“Hajambo. Yuko darasa la pili.”

“Mwambie babu yake anamdai salamu.”

Mzee aliisoma barua mara mbili, midomo ikitembea.

“Haina muhuri.”

“Tuna haraka, mzee,” Fikirini alisema.

“Haraka mnayo ninyi. Salfa tunayo sisi.” Kisha akamtazama Rukaiya. “Lakini kwa kuwa upo wewe, nafungua.”

Akafungua. Wakulima wawili waliokuja kuchukua mgao wao walisaidia kupakia. Mmoja alitania kwamba mikorosho yake ina mafua. Lori likajaa.

Saa 5:25 asubuhi.

Baba Oliva alimjia Rukaiya, simu mkononi.

“Ujumbe haupiti, mama. Niangalizie.”

Kwenye kioo aliusoma: *Katibu, lori linapeleka salfa yote Masasi. Je, ni amri yako?* Chini yake, kwa herufi nyekundu: haujatumwa.

Fikirini alisogea. Trevor alikuwa mlangoni mwa lori, mkono chini ya kiti.

“Mwangalizie mzee,” Fikirini alisema polepole. “Hakikisha uliiacha sawasawa.”

Pumzi yake ilimgusa Rukaiya shingoni. Rukaiya aliona vidole vyake vikifanya kazi, kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kwanza vilizima sauti ya simu. Kisha vikafungua ukurasa wa mafundi, kwenye namba ya kituo vikafuta saba, vikarudisha nne. Fikirini aliziona tarakimu zote. Hakuzijua. Laini ya pili aliiacha ilivyokuwa. Akabonyeza: tuma tena.

Alama ya kutumwa ikajitokeza, ndogo kuliko punje ya mtama. Aliifunika kwa dole gumba.

“Imeshindikana, Baba Oliva. Mtandao wenyewe ni mbaya.”

Akamrudishia simu, kioo kikielekea juu. Mzee alitazama. Macho yake yakatua penye alama. Neno moja tu la furaha, na panga lingetoka.

“Basi,” alisema, akaitia simu mfukoni. “Mwende salama.”

Rukaiya alipanda lori. Akaketi katikati yao.

Saa 7:05 mchana. Chini ya mteremko.

Gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Askari sita, bunduki sita. Trevor aliinama chini ya kiti. Fikirini akamshika mkono.

“Acha. Utatuua wote.”

Waliteremshwa, wakapigishwa magoti kwenye vumbi. Fikirini, pingu zikiwa tayari mikononi, alimgeukia Rukaiya.

“Uliifungua simu yake.”

“Laini moja.”

“Kibanda changu. Vifaa vyangu. Mimi ndiye ninayekudai!”

“Wewe utaendelea kunidai,” Rukaiya alisema. Alimnyooshea askari mikono kabla hajaamriwa. “Yule mzee alikuwa ananidai ujumbe mmoja. Umefika.”