Maji Yaliyokataa Sabuni

Pampu ilizimika saa nane mchana, Uwesu akiwa amebanwa mguu ndani ya ghala la vitambaa, mtaa wa Mchafukoge, na maji yamemfika kifuani.

Mvua ilikatika tangu asubuhi, lakini mtaro uliopasuka uliendelea kumimina maji machafu ndani ya ghala hilo lililochimbwa chini ya ghorofa. Uwesu, msaidizi wa fundi Ignasi, aliteremka kutega mpira wa kunyonya maji, lango la chuma likang'oka na kumlalia mguu. Wanaume wanne walizama kulinyanyua, wakaibuka wamemeza tope. Mpaka maji yapungue, jeki isingepata pa kukaa. Tegemeo pekee lilikuwa pampu ya dizeli ya Ignasi, mali ya shirika la umma, iliyoburutwa pale kwa magurudumu yake mawili, na sasa ilikuwa ikifoka mvuke.

Ignasi alifungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, kwa gunia bichi. Mvuke ukambabua mkono hadi kiwiko.

"Si uimwagie maji ya baridi?" mpangaji mmoja aliuliza.

"Injini itapasuka. Tungoje ipoe."

"Mpaka lini?"

Hakuna adhabu kama kungoja na spana mkononi, huku mwenzako anazama hatua kumi chini yako.

"Yamefika wapi?" Ignasi aliita.

"Mabegani," Uwesu alijibu kutoka gizani. "Mguu siusikii tena."

Injini ilipopoa kidogo, Ignasi alilegeza koki ya chini ya rejeta. Haikutoa kitu. Akaichokonoa kwa waya, yakachuruzika maji mekundu yenye magamba meupe ya chumvi. Aliyakinga kiganjani akiyatazama kama yana mafuta. Hayakuwa nayo, basi injini yenyewe ilikuwa nzima. Lakini magamba yale aliyajua yalikotoka. Wiki tatu mabomba ya mjini yalikuwa makavu, naye akawa anaijazia rejeta maji ya kisima kwa uvivu tu wa kwenda mbali.

"Nataka maji yasiyo na chumvi," alisema. "Upesi, jamani."

Mtaa mzima ulikuwa maji matupu, na hakukuwa na hata kikombe cha kufaa. Wapangaji walishusha walichonacho. Ignasi alisugua sabuni kwenye maji ya kila ndoo, maana maji ya chumvi hayatoi povu. Ya kwanza yalikataa povu, yakafanya utandu. Ya pili vilevile. Ndipo Bi Shobhana wa ghorofa ya tatu akateremka na mtungi wa shaba, binti yake nyuma na mwingine.

"Ya mvua, nimechemsha tunywe," alisema. "Sina mengine."

Povu likajaa kiganja. Ignasi alitaka kulia.

Alisuuza rejeta kwa mtungi wa kwanza, akaijaza kwa wa pili, polepole, kisha akazungusha hendeli. Injini ilikohoa ikanyamaza. Chini, Uwesu alikuwa ameinua kidevu juu ya maji. Mara ya nne ikashika.

Saa nzima ilipita kabla maji hayajashuka magotini na jeki kuliinua lango. Walimlaza Uwesu juu ya ubao, mguu umevunjika, wakaanza kwenda hospitali kwa miguu. Ignasi alishika upande wa kichwani.

"Kosa langu, ndugu yangu. Nilitia maji ya kisima."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

Meno ya Uwesu yalikuwa yakigongana kwa baridi.

"Nilikuambia. Ukaniuliza fundi ni nani."

Ignasi alibeba ubao mpaka hospitali bila kukubali kupokewa na mtu.