Ini la Mgeni

Siku ya gulio Ifakara, mwaka tisini na saba, mchele mpya unanukia kila kona, Levina yuko na cherehani yake barazani, kijana mmoja mwembamba akasimama mbele yake na kitambaa cha buluu.

"Dada, nishonee shati. Ila lisinibane hapa ubavuni."

"Kwani umeficha nini huko, kaka? Mali ya serikali?"

Akacheka. Levina akasahau vipimo vyote, ikabidi ampime tena.

Huyo alikuwa Evod wa kijiji cha Mbingu, mwalimu aliyesoma Ulaya. Mwezi haukuisha wakawa wanaitana mpenzi. Siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani, mama yake Levina akamkatia balungi la uani kwake. Evod akalisogeza pembeni.

"Samahani mama, hili siwezi."

"Ameona nimemtilia sumu?" mama akauliza.

Levina aliona aibu hiyo! Wiki tatu hakumfungulia mlango. Kisha akaletewa kikaratasi: *Ijumaa saa nne napigiwa simu posta. Njoo, tafadhali.*

Alimkuta kwenye benchi, amekonda.

"Levina, ini nililo nalo si langu. Homa ya ini aina ya C ililimaliza la kwanza. Hili walinipandikizia kulekule Ulaya, la marehemu. Nameza dawa mbili za kuulegeza mwili usilikatae. Balungi linaizidisha mojawapo kwenye damu."

"La mtu mwingine? Na linafanya kazi?" Levina akaweka kiganja ubavuni pake, taratibu kama anayegusa altare ya kanisani. Pana joto. "Mungu wangu! Nani huyo?"

"Sijui hata jina."

"Apumzike kwa amani," akanong'ona.

"Sasa virusi vya homa ile vimelirudia na hili, vimeshamiri. Daktari wa kule anataka niiache prednisolone, ile dawa ya pili, kidogokidogo. Nikiiacha, mwili unaweza kulikataa ini. Nikiendelea, virusi vitalila. Anataka jibu leo."

"Mbona ulinificha?"

"Ungemtaka mgonjwa?"

"Wewe uliniuliza lini?"

"Evod! Simu ya Ulaya!" karani akaita.

Levina akajibana naye kibandani. Hakuelewa Kizungu chao, ila aliushika mkono wa Evod. Evod akakata simu.

"Nimesema tupunguze. Nitapimwa damu kila wiki. Levina, miaka siwezi kukuahidi."

"Miaka sijaiomba. Uliza unachotaka kuuliza, watu wanasubiri simu."

Akauliza. Foleni nzima ikapiga vigelegele kabla Levina hajafungua mdomo.