Hesabu Mpaka Tatu

Risasi ya kwanza ilipiga ukuta. Ya pili ilimpata mtu yule pajani, akaporomoka kwenye ngazi za kituo cha maji.

Ganzi alirudisha bastola yake ya Glock kiunoni, akamfunga pingu kwenye bomba. Mtu mwenyewe alikuwa anacheka.

"Umechelewa, mama. Kata umeme uone."

Kwenye idara ya polisi walimwita Ganzi kwa sababu ya vidole vyake. Mlipuko uliomuua mumewe miaka mitatu iliyopita uliviunguza vyote kumi, vikasahau moto na baridi. Mazishini hakulia. Tangu hapo hakuna kilichomgusa, na wala hakukitafuta.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Juu ya tangi kuu palikuwa na kasha la chuma lililochomelewa pande zote. Alichungulia kwenye tundu la waya. Pipa la sumu, koki, springi, mota. Springi ilitaka kuifungua koki, mota iliizuia. Nje ya kasha kulikuwa na kibao cha Arduino, kompyuta ndogo ya kutoa amri, kibao kingine kidogo cha kuipa mota umeme, kiitwacho dereva, na betri ya pikipiki.

Saa nne shule za mji huenda mapumziko na watoto hukimbilia mabombani. Binti yake ni mmoja wao. Aliliwaza hilo kama mtu anavyowaza namba ya simu.

Akabonyeza simu ya sikioni. "Shemeji."

"Nakusikia, shemeji." Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi mitambo wa idara.

"Mota ya hatua. Waya nne. Betri ya volti kumi na mbili."

"Betri usiiguse. Mota hiyo hushikilia ikiwa na umeme tu. Ukikata, inalegea na koki inafunguka. Tafuta waya unaotoka kwenye Arduino kwenda kwa dereva, pameandikwa STEP, yaani hatua. Amri ya kuizungusha mota inapita hapo. Chomoa huo."

Akachomoa. Mota ikabaki inavuma taratibu, imeshikilia.

"Tayari. Lakini kuna kitu kinanuka kama plastiki inayoungua."

"Muulize huyo bwana kama alirekebisha skrubu ya dereva."

Ganzi akauliza. Chini kule kicheko kikakatika.

"Skrubu gani?"

"Haijui," alisema Ganzi.

"Basi ametuponza na yeye mwenyewe. Skrubu ndiyo inayopanga kiasi cha umeme wa mota. Ukizidi, chipu ya dereva inachemka mpaka inajizima. Ikijizima, sumu hiyo ndani ya maji. Wakata chuma wako njiani, dakika ishirini."

"Haitafika ishirini."

"Punguza. Bisibisi, kinyume cha saa, kidogo kabisa. Ukizidisha, springi inashinda. Halafu weka kidole juu ya chipu. Ukiweza kuhesabu mpaka tatu, inatosha."

Ganzi alivitazama vidole vyake.

"Kidole gani, shemeji?"

"Nisamehe," alisema shemeji. "Nilisahau."

Akapiga magoti. Akainamisha uso, akaweka mdomo wa chini juu ya chipu.

Moja.

Mbili hakuifikia. Sauti iliyomtoka hakuitambua kuwa ni yake.

Akazungusha bisibisi. Akarudisha mdomo pale pale palipoungua.

Moja. Mbili.

Machozi yalikuwa yanatiririka yenyewe. Aliogopa. Alimwona binti yake waziwazi, soksi moja imeshuka, kainama bombani.

Akazungusha tena. Ndani ya kasha springi ikalia. Akaganda.

Mota ikashikilia.

Moja. Mbili. Tatu.

"Tatu," alisema.

Kengele ya shule ikasikika bondeni.

Wakata chuma walipofika walimkuta amekaa kando ya kasha, bisibisi mkononi. Walikata, wakaitoa koki pamoja na pipa lake. Akawakabidhi mtuhumiwa, akashuka ngazi bila haraka.

"Umeumia, shemeji?" sauti ikauliza sikioni.

"Mdomo umeungua. Unauma."

"Sana?"

Alisimama. Hakuna aliyemsikia akisema kuwa kitu kinamuuma kwa miaka mitatu.

"Sana," alisema. "Unauma sana, shemeji. Na kaka yako pia ananiuma. Kila siku."

Shemeji hakukata simu.

Langoni palikuwa na bomba. Ganzi alifungua, akakinga mikono, akanywa. Maji yaliuchoma mdomo vibaya.

Akakinga tena, akanywa, kisha akashika njia ya shuleni.