Githeri Si wa Kutupwa

Ijumaa asubuhi nyumba ya Philip, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud jijini Doha, hunukia mandazi. Mkewe, Nasimiyu, huyakaanga ya kubeba kanisani Mesaimeer, maana huko ibada huwa Ijumaa. Philip hupiga pasi shati lake jeupe. Binti yao, Chelsea, humbadilishia Githeri maji.

Githeri ni nyoka. Hana sumu. Ni nyoka wa mahindi, wa kufugwa, rangi ya machungwa yenye mabaka mekundu. Tumbo lake lina miraba myeupe na myeusi, kama punje za mahindi ya rangi mbili, ndiyo maana akapewa jina la githeri, chakula cha mahindi na maharagwe. Philip alimnunua akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, kabla hajaoa. Nasimiyu alipokuja Doha alimkuta. Chelsea naye alizaliwa akamkuta.

Ijumaa hiyo Chelsea alipiga kelele.

"Mama! Githeri ametapika panya mzima!"

Nasimiyu alikimbia kutoka jikoni. Ndani ya sanduku la kioo kulikuwa na panya mkubwa, amelowa, ananuka vibaya. Githeri alijikunja pembeni. Ngozi yake kuukuu ilikuwa imetoka vipandevipande. Vipande vingine viliganda mkiani na juu ya macho. Mwili mzima uling'aa kwa mafuta.

Philip alifika, pasi mkononi.

"Nani amempaka mafuta?"

"Mimi," alisema Nasimiyu. "Ngozi ilikuwa kavu. Nimempaka mafuta ya kukamulia."

"Mafuta ya chuchu za ng'ombe! Umeyabeba kutoka Bungoma mpaka Doha, uje umpake nyoka?"

"Mbona wewe unayapaka visiginoni? Na nani humpa panya mkubwa hivyo kila wiki? Nani aliweka sanduku chini ya AC?"

"Amekula hivyo miaka yote!"

"Sasa anatapika! Anakufa, Baba Chelsea. Tukitoka kanisani tumpeleke jangwani tumwachilie. Akafie kwao."

Chelsea alisimama mbele ya sanduku, mikono ameitandaza.

"Kwao ni hapa! Mkimpeleka jangwani, mniache na mimi huko huko."

"Chelsea! Unanijibu mimi mama yako?"

"Ndiyo, nakujibu!"

Moshi ulitoka jikoni. Mandazi yalikuwa yameungua. Nasimiyu alikimbia kuzima jiko, huku akilaumu nyoka, mume, mtoto na mafuta.

Mlango uligongwa.

"Hodi! Jamani, mnachoma nyumba?"

Alikuwa Peninah, jirani wa mlango wa pili. Yeye ni muuguzi katika kliniki ya wanyama. Alicheka alipoona mandazi meusi. Alipomwona Githeri, hakucheka tena.

"Ana umri gani huyu?"

"Anaelekea miaka kumi na saba," alisema Philip.

"Basi ni mzee. Nyoka wa mahindi akitunzwa vizuri huishi miaka kumi na tano hadi ishirini. Wengine hupita hapo."

"Si ndiyo nasema!" alisema Nasimiyu. "Siku zake zimekwisha. Jangwani atapumzika."

"Jangwani ataungua!" Peninah alipandisha sauti. "Maisha yake yote hajawinda. Maji hajawahi kuyatafuta. Jua la hapa litamuua kabla hujafika nyumbani. Hiyo si huruma, Mama Chelsea. Ni kumuua halafu ugeuze uso. Tena kumwachilia mnyama wa kufugwa porini ni kosa."

"Dada Peni, mimi namjua nyoka wangu," Philip alianza.

"Ulimjua akiwa kijana! Mzee hahitaji panya mkubwa. Mwili wake unasaga chakula polepole. Akipigwa na baridi ya AC hausagi kabisa. Chakula kinaoza tumboni, anatapika. Tena umemnenepesha."

Nasimiyu alitabasamu kidogo. Peninah alimgeukia.

"Wewe usitabasamu. Kazi yako ni kutunza wazee. Yule bibi wa kazini unampa nyama ngumu? Unamlaza chini ya AC?"

"Usinifananishie bibi wa watu na nyoka!"

"Sifananishi bibi na nyoka. Nafananisha mikono yako ya kazini na mikono yako ya nyumbani."

Nasimiyu alifura kwa hasira. Kisha akavua aproni.

"Haya. Sema tufanye nini. Sema haraka, kabla sijabadilisha nia."

Jioni hiyo walimpeleka Githeri kliniki. Daktari alimpima uzito, akamkagua mdomo na macho. Alimfuta mafuta taratibu. Alisema ngozi ya nyoka haitaki mafuta. Inataka unyevu. Na ngozi iliyoganda haibanduliwi kwa vidole, hasa ya machoni, kwa sababu jicho linaweza kuharibika.

Nyumbani Peninah alisimamia kila kitu. Walihamisha sanduku mbali na AC. Upande mmoja waliweka mkeka wa joto, wenye kifaa cha kuzuia joto lisizidi. Upande wa pili waliuacha bila joto.

"Achague mwenyewe," alisema Peninah. "Akisikia baridi ataenda huku, akisikia joto ataenda kule."

Walitoboa tundu kwenye kopo la plastiki, wakaweka kitambaa chenye unyevu ndani. Hapo Githeri angejificha ngozi ikikaribia kutoka. Bakuli la maji lilikuwa la chini, ili mzee asipande. Matawi marefu yaliondolewa, kwani misuli yake imechoka na angeweza kuanguka.

"Na chakula?" aliuliza Chelsea.

"Kwanza apumzike, tumbo litulie. Baadaye panya mdogo, baada ya wiki mbili au tatu. Akishakula msimshike siku mbili. Mkimshika, mshikilie mwili wote usining'inie. Kisha mnawe mikono kwa sabuni."

Philip alinuna siku kadhaa. Lakini panya wakubwa waliobaki aliwarudisha dukani.

Githeri alipopewa panya mdogo, alimeza, akaenda upande wa joto, akatulia. Hakutapika. Baada ya wiki kadhaa Chelsea alikuta ngozi kwenye kopo, imetoka nzima kama soksi, mpaka vifuniko vya macho. Peninah alifurahi, ila aliwaambia ukweli: uzee hauponi. Githeri angeendelea kulala sana na kutembea polepole. Siku moja angekufa. Lakini angekufa kwa uzee, si kwa uzembe wao.

Ijumaa moja Terry, rafiki wa kanisani, aliwatembelea. Alipoona sanduku aliinua miguu juu ya kochi.

"Bado mnalo hilo joka? Limezeeka hivyo! Si mlitupe tu, mnunue kasuku?"

Nasimiyu aliweka kikombe cha chai mezani kwa kishindo.

"Terry, hapa kwetu mzee hatupwi. Shusha miguu kutoka kwenye kochi langu, umsalimie."