Robine ya Yakubu

Jioni ile mama alinituma kuchota maji. Tu. Bido ya njano, dumu letu la maji, na robine ya uani, bomba la kufungua tu, kazi ya watoto.

"Mama," nikamwambia, "mimi Hemedi, toleka ya kwanza kubeba watu Mangobo muzima, baiskeli inanitii kuliko muke, unanituma maji?"

"Enda, kinywa kubwa. Mutoto hajaoga."

Mtoto ni wa yaya Malika, dada yangu mkubwa. Bwana yake, Yakubu, homa ilimbeba, tukamzika juma lililotangulia. Tulimwoshea hapahapa uani, kama wazee wetu wanavyofanya: maji ya robine, kafuri, pamba, na shimo chini ya kitanda ili maji ya maiti yasitembee mu parcelle, kiwanja chote. Shimo alichimba tonton Asumani, mjomba wetu. Alichagua penye udongo laini, pembeni ya robine.

Tangu siku zile Malika hakutoa hata chozi. Na mtoto naye akaacha kulia. Unamfinya, anakuangalia. Uji unachelewa, anakuangalia. Mama alianza kuogopa. Mtoto asiyelia, alisema, hakai duniani.

Nikafungua robine. Maji yalikuwa yamekatika. Kimya. Kisha...

Ffffff.

Haikutoa. Ilivuta. Nikaweka kiganja mdomoni mwake, ikanyonya ngozi yangu kama mtoto kwenye ziwa la mama. Halafu, mbali ndani ya bomba, mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Yakubu alikohoa vile kila alipotaka kuanza uongo mtamu.

Maji yakaja. Meupe kidogo. Harufu ya kafuri.

Nikimbie? Mimi? Nilibeba bido ndani. Mama akasugua sabuni ndani ya beseni. Akasugua... akasugua... Povu hakuna. Sabuni iligeuka mabonge, kama maziwa yaliyoganda. Hata sufuria ya uji ilikuwa na ukoko mweupe chini, mgumu, kisu kinateleza juu yake.

"Hii maji iko na mutu," mama alinong'ona.

"Iko na kiburi tu!" Nikachota kopo, nikanywa lote mbele yao, nikajipiga kifua. "Munaona? Shemeji mwenyewe ananiogopa!"

Malika hakucheka. Hakukasirika. Ulimi wangu ukawa mzito kidogo, basi.

Asubuhi akaja papa Zacharie, fundi wa mabomba. Akaonja maji, akatema.

"Maji ngumu. Chokaa." Akajikuna kichwa. "Lakini bon, maji yetu inatoka mu Tshopo. Mto ile haina chokaa. Hii imetoka wapi?"

Akachimba pembeni ya robine. Jembe lilizama bila nguvu.

"Nani alichimba hapa?"

"Miye," tonton Asumani akajibu. "Udongo iko laini."

"Iko laini sababu bomba imepasuka, papa! Maji ikikatika, bomba inavuta kila kitu ya inje."

Tonton akaketi chini, kwenye matope, na suruali yake ya Ijumaa.

Papa Zacharie akakata bomba. Ndani, ukoko mweupe kama meno, umebakiza nafasi ya kidole. Akaingiza waya, akavuta. Pamba. Akavuta tena. Pamba... ndefu, nyeupe...

"Kavu," alisema polepole. "Mu maji... kavu?"

Akaziba bomba, akakusanya vyombo vyake, akaenda bila kuaga.

Tukaanza kuchota maji ya chemchemi, kule bondeni. Siku chache zikapita. Jioni moja Malika akamwogesha mtoto, na povu likapanda mpaka kwenye viwiko vyake. Mtoto akakunja uso. Akafungua mdomo.

Akalia!

Malika akaita jina la bwana yake, mara moja, kama mtu anayetoboka. Mama akaangua kilio. Jirani yetu Odile akaja mbio, naye akajiunga, bila hata kuuliza.

Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mbabula, makaa yamewaka vizuri kwa chakula, nikiwatazama kama mtu anayetazama mvua ya ng'ambo. Yakubu alikuwa rafiki yangu. Ndiye aliyenishikia baiskeli mpaka nikajua. Nilitafuta kitu ndani ya kifua, kule kopo lile la maji lilikoshukia. Sikukikuta.

Ila harufu ikanijia.

"Nani anachoma nyama?" nikauliza. "Munakula bila miye, wachawi?"

Malika akageuka.

"Hemedi..." alinong'ona. "Mukono yako."

Nikautazama. Ulikuwa umelala juu ya makaa, kwa utulivu, kama mkono wa mtu mwingine.

Nilitaka kumwambia si kitu, ngozi ya toleka haiungui.

Nikakohoa kwanza, kikohozi kile cha ndani ya bomba.

Mtoto akanyamaza.