Baba Si Jirani

Kila asubuhi mama yake Chiriku aliamka kabla ya wote. Alichemsha maji ya kunywa, akampima binti yake joto, akampa dawa, kisha akaondoka mbio kwenda kiwanda cha sabuni. Baba, kinyozi aliyekuwa hodari wa mdomo kuliko mkasi, aliamka baadaye na kuuliza chai iko wapi.

Chiriku, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa na saratani ya damu. Daktari alionya kwamba dawa zake zinapunguza kinga ya mwili. Wenye mafua wasimkaribie, na akipata homa apelekwe hospitali mara moja. Kinyozi hakuyasikia hayo kwa sababu hakuwahi kukanyaga kliniki. "Mambo ya wagonjwa ni ya akina mama," alisema, kana kwamba mtoto alizaliwa na mama peke yake.

Kazi yake yeye ilikuwa kupokea pole. Aliwaleta wateja wake nyumbani makundi kwa makundi wamwone mgonjwa, naye akikaa katikati yao akishusha pumzi, bwana mkubwa wa msiba usiokuwepo. Siku moja mteja mmoja alipiga chafya mpaka pazia likatikisika.

"Baba, daktari alikataza," Chiriku alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Wageni hawafukuzwi."

Siku chache baadaye, mama akiwa kazini, Chiriku alianza kutetemeka kwa homa.

"Jilaze, tumngoje mama yako," baba alisema.

"Baba, tukingoja nitakufa!"

Hapo domo lote lilimwisha. Alimbeba mgongoni, akatoka mbio na viatu visivyolingana.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Homa imeanza lini? Anatumia dawa gani?"

"Labda... mama yake anajua."

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini. "Kwani wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

"Aa! Nilidhani jirani."

Chiriku ndiye aliyejibu maswali yote, meno yakigongana. "Umefanya vyema kusema, mwanangu," muuguzi alimwambia. Baba alisimama kando ameshikwa na aibu, na ilimstahili.

Chiriku alilazwa mpaka homa ikashuka. Baba alibaki wodini, akajifunza kupima joto, kunawa mikono na kutaja dawa bila kubabaika. Siku waliporudi nyumbani, baba mkubwa alibisha hodi huku anakohoa. Baba akamzuia mlangoni.

"Unanifukuza mimi, kaka yako?"

"Ndiyo, kaka. Ukipona, karibu."

Jirani aliyekuwa akitazama alipiga makofi. "Mama Chiriku, umebahatika! Mume anakusaidia kulea!"

Mama hakutabasamu. "Hanisaidii, jirani. Ni mwanawe. Baba anayemuuguza mtoto wake hafanyi hisani, anafanya kazi yake. Na huyu amechelewa kuianza." Akamgeukia mumewe. "Joto umeshampima?"

"Naenda kumpima," baba alisema, akaingia ndani.