Shati la Kitambaa cha Michoro

Kule Leningrad, miaka michache kabla ya vita, wanawake wa ofisi za michoro walikuwa na siri yao: kitambaa cha kunakilia michoro, ukikichemsha hadi wanga na wino vikatoka, hubaki bafta laini kuliko ya dukani. Kwa hiyo michoro ya kifaru kimoja kikubwa cha vita ilipoamriwa ichomwe, mchoraji Glafira alificha kipande kimoja chini ya koti.

Kifaru chenyewe hakikujengwa. Kilikuwa kama nyumba ya ghorofa, daraja gani lingekibeba? Mhandisi wake, Veniamin Lvovich, alichukuliwa na polisi wa siri ofisini mchana kweupe. Alipopita kwenye meza ya Glafira alinong'ona, "Viti vyangu vyote vya mle ndani, Glasha. Nani atavikalia?" Hakurudi tena.

Glafira alichemsha kitambaa kwenye jiko la wapangaji wote. Jirani yake Pelageya akachungulia sufuria. "Shoga, leo unapika kifaru?" Wakacheka. Nyura, binti ya Glafira, hakuwa na shati la maana, sasa angeshonewa moja.

Jumapili Nyura alilivaa, akazunguka chumbani kwa furaha. Wakati wa chakula akakaa wima, mikono magotini. Supu ya kabichi ikapoa mbele yake.

"Kula, mwanangu."

"Siwezi, mama. Humu mmebana."

"Humu wapi?"

"Humu ndani. Kuna wajomba wengi. Wamenipa kiti."

Glafira alitazama shati. Wino ulikuwa unarudi, mstari mmoja baada ya mwingine. Mkono uliouchora aliujua. Ulikuwa wake mwenyewe.

Vikombe vikaanza kugongana kabatini. Sakafu ikatetemeka. Jikoni Pelageya aliuliza kama ni tramu. Mtaa ule haukuwa na tramu.

Glafira akalivuta shati. Halikuvulika. Ngozi ya mtoto ilikuwa baridi kama chuma. Akashika mkasi, akakata, akalitupa motoni. Vikombe vikanyamaza. Nyura akalia, kisha akaomba supu.

Glafira alimkumbatia mpaka mikono ikafa ganzi. Aliamini yameisha.

Siku ya kuoga, akiwa anamsugua Nyura mgongo, aliona mstari mwembamba wa wino. Akasugua kwa sabuni, kisha kwa majivu. Haukutoka. Kilikuwa kiti kidogo, kimechorwa kwa ustadi.

Wachoraji wa mashine hawachori watu kamwe. Lakini kwenye kiti kile alikaa mtu, mikono magotini, miguu haifiki sakafuni.